Namna tulivyoachana na gesi ya bomba na ada yake ya kila siku

Mwezi ambao hatukuwasha gesi hata mara moja, ankara ilikuja vilevile. Sehemu ya matumizi ilisoma sifuri, na chini yake palikuwa na kiasi cha kulipa kilichopatikana kwa kuzidisha ada na idadi ya siku za mwezi. Mke wangu aliisoma, akanikabidhi, akauliza: "Sasa hapa tunalipia nini?" Swali hilo ndilo lililotufanya tuiondoe gesi nyumbani kabisa, na nilichokuja kugundua ni kwamba kuiondoa kuna utaratibu wake, una hatua zake, na ukikosea mpangilio wa hatua hizo ada inaendelea kukufuata hata baada ya moto kuzimika. Naandika kwa ajili ya wenye gesi inayoingia nyumbani kwa bomba kutoka kwenye mtandao uliofukiwa chini ya barabara. Wanaotumia mitungi hawana shida hii, maana mtungi ukiisha usipoujaza hakuna anayekudai.

Ankara ya gesi ya bomba mara nyingi ina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni gesi yenyewe. Mita huipima kwa mita za ujazo, kisha hesabu hugeuzwa kuwa uniti, yaani kilowati-saa. Mita moja ya ujazo ya gesi asilia hutoa takribani uniti 10 hadi 11. Fungu la pili ni ada ya kudumu, nayo huhesabiwa kwa siku. Humo ndimo mlimo gharama za mabomba, vituo vya kupunguza msukumo wa gesi, mafundi wa dharura wanaokesha, usomaji wa mita na kazi ya ofisi. Bomba lina gharama upike usipike, na kwa hilo siwalaumu wenye mtandao. Lakini matokeo yake kwa mlipaji ni mazito: kadiri unavyopunguza matumizi, ndivyo kila uniti inavyozidi kuwa ghali kwako. Tuseme ada ya siku ni sawa na bei ya uniti 5. Nyumba inayochoma uniti 50 kwa siku kwa kupasha vyumba na maji haiisikii sana. Nyumba inayotumia uniti 2 za kupikia inalipa thamani ya uniti 7 ili ipate hizo 2, kwa hiyo kila uniti inaigharimu mara tatu na nusu ya bei iliyoandikwa.

Sisi tulikuwa tumefika huko bila kukusudia. Hita ya maji ya gesi ilipochakaa tuliweka ya pampu ya joto, ambayo haizalishi joto moja kwa moja kwa umeme, inalivuta kutoka hewani na kulihamishia kwenye maji, hivyo uniti moja ya umeme ikakuletea joto la uniti kama 3. Baadaye tukahamishia umeme kazi ya kupasha vyumba pia. Likabaki jiko. Jiko ndilo lenye matumizi madogo kuliko vyote, na ndilo lililokuwa limeibeba ada nzima peke yake. Anayepanga kuhama namshauri asiache pengo refu kati ya kifaa cha kwanza kuondoka na cha mwisho, kwa sababu katika pengo hilo ndipo gesi inapokuwa ghali kuliko wakati wowote uliotangulia.

Kwa nini jiko lilibaki? Kwa sababu ya Mama, yaani mama mkwe wangu, ambaye ndiye mwenye jiko pale kwetu hata kama ankara zinakuja kwa jina langu. Nilipomweleza habari za jiko la induksheni, lile lisilo na moto, ambalo linaipasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba, mimi moto naupima kwa macho. Huu nisiouona nitaupimaje?" Nililichukua swali lake kwa uzito wake. Mtu aliyepika miaka mingi kwa kuangalia mwali hawezi kuambiwa tu kwamba kuna tarakimu badala ya mwali.

Hatukubishana. Tukaleta jiko dogo la induksheni la sahani moja, la kuchomeka kwenye soketi ya kawaida, likawekwa mezani jikoni huku la gesi likiwa bado mahali pake. Hakuna aliyelazimishwa. Jambo la kwanza lililojitokeza ni sufuria. Induksheni hufanya kazi na chombo ambacho sumaku inanasa kitako chake: chuma cha kawaida na baadhi ya vyuma visivyoshika kutu. Sufuria ya alumini au ya shaba haipati joto, isipokuwa iliyotengenezwa na bamba la chuma chini. Tulichukua sumaku ndogo tukapita kabatini, chombo kimoja baada ya kingine. Sufuria kubwa za Mama zilikuwa za alumini, na hilo lilimuuma. Gharama ya kubadilisha vyombo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Wengi wanahesabu jiko peke yake.

Kilichombadilisha Mama hakikuwa maneno yangu. Ilikuwa siku maziwa yalipoanza kupanda, akapunguza, yakatulia pale pale. Kwenye gesi, chuma cha jiko kinabaki na moto hata ukizima. Na kwa sababu joto linatokea kwenye kitako cha sufuria badala ya kupita pembeni, induksheni hupeleka chomboni sehemu kubwa ya nishati, kama asilimia 80 na kitu, wakati jiko la gesi hupeleka kama theluthi moja hadi asilimia 40, na inayobaki inapasha jikoni. Mama alilieleza kwa namna yake: jikoni hapakuwa na fukuto tena.

Hapo niseme pia jambo ambalo halimo kwenye ankara. Moto wa gesi hutoa naitrojeni dioksaidi, gesi inayowasha njia ya hewa, na kwetu kuna mtoto mwenye pumu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha mwongozo cha gesi hiyo hewani kutoka mikrogramu 40 kwa mita ya ujazo hadi 10, wastani wa mwaka. Siwezi kudai kwamba mtoto amepona kwa sababu tumeondoa jiko. Ninachoweza kusema ni kwamba kitu kimoja kinachomchokoza hakimo tena katika chumba anachofanyia kazi za shule, na hata kama ada ingekuwa ndogo zaidi, kwangu hilo lina uzito.

Kabla ya kununua jiko kamili, tulimwita fundi umeme. Jiko la sahani nne linaweza kuhitaji kilowati 7. Kwenye umeme wa volti 230 hizo ni ampea kama 30. Waya wa soketi za kawaida haubebi mzigo huo. Jiko linahitaji waya wake mnene kutoka kwenye kisanduku cha umeme na breka yake peke yake, na fundi anapaswa kuangalia kama njia kuu ya umeme inayoingia nyumbani inatosha pamoja na hita na vingine vyote. Yupo mtu ninayemfahamu aliyefuta gesi kwanza, ndipo akaambiwa kwamba njia yake ya umeme haina nafasi na kuiongeza kunahitaji maombi na kusubiri. Alipika kwa sahani moja muda mrefu. Umeme uwe tayari, jiko jipya liwe linafanya kazi, ndipo gesi iguswe.

Fundi huyo huyo alitufundisha jambo ambalo nisingelifikiria kamwe. Katika nyumba nyingi, bomba la chuma la gesi limefungwa waya wa kijani na manjano unaoliunganisha na mfumo wa kutuliza umeme ardhini. Ni kwa usalama: hitilafu ikitokea, bomba lisije likawa na umeme. Na katika baadhi ya nyumba kongwe, watu wa zamani wamelitegemea bomba la chuma kama njia ya kupeleka umeme ardhini. Likikatwa bila mtu kuangalia, nyumba inaweza kubaki bila ulinzi huo na hakuna taa itakayozimika kukujulisha. "Mwambie mtu wa gesi asikate mpaka mimi niwe nimepima," alisema. Akapima, akatengeneza, akatupa karatasi. Fedha tuliyomlipa kwa ukaguzi ule siijutii hata kidogo.

Sasa nije kwenye ofisi, ambako ndiko kuna mambo mengi.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba katika nchi nyingi anayekuuzia gesi siye mwenye bomba. Muuzaji anapokea fedha zako na kukutumia ankara. Mwenye mtandao anamiliki bomba la barabarani, lile dogo linaloingia kwako, na mara nyingi mita pia. Ada ya kudumu unamlipa muuzaji, naye anampelekea mwenye mtandao sehemu kubwa. Kwa hiyo ukimwomba muuzaji afunge, anaweza kufunga kitu kimoja na kile cha pili kikabaki wazi. Nilitumia saa nyingi za simu kabla ya kuelewa kwamba neno "kufunga" lina maana tofauti kwa kila niliyezungumza naye.

Kuna kufunga mkataba. Hapo muuzaji anaandika kwamba wewe si mteja wake tena, lakini mita ipo, gesi ipo kwenye bomba, na nyumba bado imo kwenye orodha ya mtandao. Mahali pengi, nyumba yenye mita inayofanya kazi na isiyo na mkataba huhesabiwa kuwa na mteja hata hivyo, na ada humwangukia anayekaa humo. Kwa anayehama nyumba, kufunga mkataba kunatosha. Kwa anayebaki, hakutoshi.

Kuna kusitisha kwa muda. Fundi anakuja anafunga valvu kwa kufuli, au anaondoa mita na kuweka kizibo. Bomba dogo linabaki na gesi ndani yake mpaka ukutani kwako. Gharama yake ni ndogo na kurudishiwa huduma ni rahisi. Kama ada inasimama au haisimami, inategemea utaratibu wa mahali ulipo, na hilo lazima uliulize waziwazi.

Na kuna kuondoa moja kwa moja. Hapa mita inaondoka, na bomba dogo linakatwa na kuzibwa mbali na nyumba, kwa kawaida pale linapotoka kwenye bomba kuu, ambako pengine lazima pachimbwe. Namba ya nyumba yako inafutwa kwenye mtandao. Ada haina tena mahali pa kukaa. Ni ghali kuliko zile mbili, na ukija kutaka gesi tena utaanza kama mteja mpya, uombe na ulipe kuunganishwa upya.

Karani wa kwanza niliyempata alikuwa na adabu sana. Aliniambia, "Mzee, usijali, nimeshaifunga akaunti yako." Nikamshukuru, kisha nikamuuliza, "Na mita, dada, ni nani atakuja kuichukua?" Kimya kidogo, kisha: "Mita haihusiani na sisi." Kumbe alichofunga ni mkataba. Kama ningekata simu pale kwenye "usijali", ankara ingeendelea kuja kwa jina la mkaaji wa nyumba. Tangu hapo nilibadilisha namna ya kuuliza. Badala ya kuomba "mnifungie", niliuliza: ada ya kila siku inasimama tarehe ipi hasa? Ni tarehe ya ombi langu, tarehe ya mita kuondolewa, au tarehe taarifa itakapofika kwenu kutoka kwa mwenye mtandao? Tofauti ya tarehe hizo inaweza kuwa wiki nyingi, na kila siku ya wiki hizo ina ada yake. Nilipopata jibu niliomba liandikwe kwa barua pepe pamoja na namba ya kumbukumbu.

Maswali mengine yaliyonisaidia yalikuwa haya. Mkataba una muda maalumu, na kuuvunja mapema kuna faini? Wetu ulikuwa unakaribia kuisha, tukasubiri. Je, umeme na gesi tumenunua kwa pamoja kwa muuzaji mmoja, na gesi ikitoka bei ya umeme itabadilika? Hili wengi hulisahau, kwa sababu punguzo la kununua vyote viwili huandikwa kwa herufi ndogo. Na la tatu, nani anamlipa mtu wa kuchimba, na je, atarudisha njia na ua kama vilivyokuwa?

Tulijadiliana nyumbani kama tusitishe tu au tuondoe kabisa. Mke wangu alikuwa upande wa kusitisha, kwa hoja ya maana: kama pampu ya joto itatuangusha, turudi. Mimi nilikuwa naliangalia bomba. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, na methani haina harufu. Ile harufu ya yai bovu tunayoijua huongezwa kwa makusudi. Desturi hiyo ilipewa nguvu ya sheria huko Texas baada ya mlipuko wa shule ya New London, tarehe 18 Machi 1937, ambapo gesi isiyo na harufu ilijikusanya chini ya jengo na watu wapatao 300, wengi wao watoto, wakapoteza maisha. Bomba lenye gesi ambalo hakuna anayelitumia ni bomba ambalo hakuna anayelinusa. Miaka ikipita, anakuja mtu kuchimba msingi wa ukuta au kupanda mti, hajui kama kuna kitu, na karatasi zimepotea. Na methani inayovuja taratibu, hata isipolipuka, kwa muda wa miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya uzito uleule wa kaboni dioksaidi. Mwishowe tulikubaliana tuipe pampu msimu mzima wa baridi. Ilituhudumia vizuri. Ndipo mke wangu mwenyewe akasema tuite wachimbaji.

Siku ya kazi nilikuwepo, na nawasihi wengine wawepo. Kabla fundi hajagusa chochote, nilipiga picha ya mita: tarakimu zote zionekane, na namba ya mita yenyewe iliyochongwa pembeni. Kisha nikamwomba aandike usomaji huohuo kwenye fomu yake na kutia sahihi. Alifunga valvu, akafungulia gesi iliyobaki ndani ya nyumba ikatoka salama nje, akapima hewa kwa kifaa chake, akaondoa mita. Mabomba ya ndani yaliyobaki ukutani aliyaziba ncha zake na kubandika karatasi kwamba hayana gesi. Huko nje wenzake walichimba, wakakata, wakaziba. Jirani mmoja aliuliza kama naye angeweza kukata mwenyewe la kwake kwa msumeno apunguze gharama. Fundi alimjibu kwa ukali uliostahili. Bomba la upande wa mtandao halina valvu ya kukuokoa likishatobolewa, na cheche ya msumeno inatosha. Kazi hii haina njia ya mkato, na mwenye kuifanya awe na leseni.

Niliombwa nitie sahihi kwamba kazi imekamilika. Nikaomba nakala kwanza. Nakala ile ndiyo iliyotuokoa.

Kwa sababu ankara ilikuja tena. Ilikuwa na ada ya siku zote baada ya mita kuondolewa, na la ajabu zaidi ilikuwa na matumizi. Muuzaji alikuwa hajapata taarifa kutoka kwa mwenye mtandao, na mfumo wake usipopata usomaji hukisia kutokana na mwaka uliopita. Kwenye karatasi tulikuwa tumechoma gesi kupitia mita iliyokuwa imeshabebwa kwenye gari. Nilituma picha, fomu yenye sahihi, na ile barua pepe ya tarehe. Walijibu kwamba watachunguza. Ankara iliyofuata ilikuja na deni limekua, na onyo la kuchelewa kulipa.

Hapa ndipo watu wengi huchoka wakalipa ili wapumzike, na ndiyo sababu naandika kwa urefu. Usilipe kiasi unachopinga kwa kuchoka. Lipa kile unachokubali kuwa ni halali, hadi siku ya mita kuondolewa, na uandike waziwazi unapinga nini na kwa nini. Usifute agizo la benki kimyakimya, maana deni lililokaa bila maelezo linaweza kupelekwa kwa wakusanya madeni na kuchafua jina lako la mikopo. Tuliwaandikia malalamiko rasmi, tukatumia neno hilo hilo "malalamiko", kwa kuwa barua yenye neno hilo huingia kwenye utaratibu wenye muda wa kujibiwa, tofauti na "ulizo". Kwenye barua tuliandika pia kwamba tusipojibiwa tutakwenda kwa mdhibiti wa nishati au msuluhishi wa malalamiko. Mahali penye soko la gesi mara nyingi pana chombo cha namna hiyo, na mlalamikaji halipi. Hatukufika huko. Walifuta ada zote za baada ya tarehe ile, wakagundua hata kwamba tulikuwa na salio letu kwao kutokana na makisio ya nyuma, wakaturudishia. Salio halikuja lenyewe, tuliliomba. Mwisho tukadai barua inayosema akaunti imefungwa na deni ni sifuri, na barua hiyo imo kwenye faili moja na karatasi za nyumba, ili atakayeinunua siku moja ajue bomba liliishia wapi.

Kuna upande wa jambo hili ambao umeniachia uzito moyoni. Sisi tulikuwa na nyumba yetu na akiba ya kulipia kazi. Mtandao wa gesi gharama yake haipungui sana kwa sababu nyumba moja imeondoka. Bomba la barabarani lazima litunzwe kwa ajili ya waliobaki. Kila anayetoka anawaachia wenzake sehemu ya mzigo. Wa kwanza kutoka ni wenye uwezo, na watakaobaki mwisho ni wapangaji na wasio na fedha za jiko jipya wala za fundi, nao ndio watakaougawana mzigo wa mtandao mzima.

Nchi zilizoanza safari hii zimeliona. Uholanzi iligundua gesi ya Groningen mwaka 1959 na katika miaka iliyofuata ikaifikisha karibu kila nyumba. Tangu Julai 2018 nyumba mpya huko kwa kawaida haziunganishwi tena, na uchimbaji wa Groningen umekoma. Jimbo la Victoria nchini Australia nalo, tangu mwanzo wa 2024, limezuia gesi kwenye nyumba mpya zinazohitaji kibali cha mipango. Huko Victoria swali la nani alipe gharama ya kukata bomba lilifika kwa mdhibiti, ambaye mwaka 2023 aliamua anayeondoka atozwe sehemu tu, na iliyobaki igawanywe kwa wateja wote wa mtandao, kwa hofu kwamba watu wakitozwa gharama nzima watachagua kufunga valvu tu na kuacha mabomba yenye gesi ardhini. Hofu hiyo naielewa, nimeona hesabu zake. Lakini iliyogawanywa kwa waliobaki inamwangukia nani? Sioni njia ya haki isipokuwa serikali kuingiza mkono wake, kupanga mtaa mzima utoke pamoja, na kuanza na wasio na uwezo badala ya kuwaacha wawe wa mwisho.

Wifi yake mke wangu, yaani dada yangu, ni mpangaji. Anapika kwa sahani moja ya induksheni kama ile tuliyoanza nayo, na gesi haiwashi, lakini ada analipa, kwa sababu bomba ni la mwenye nyumba na bila idhini yake hakuna fundi atakayegusa mita. Tumemsaidia kuandika barua. Haikuomba kuondolewa kwa bomba, maana hilo mwenye nyumba angelikataa kwa gharama. Iliomba mita isitishwe kwa muda, yeye dada akubali kulipia kazi hiyo, na kama mpangaji ajaye ataitaka gesi, basi irudishwe. Tuliambatanisha jibu la maandishi la muuzaji kwamba kwa utaratibu wake ada husimama mita ikiondolewa na kizibo kuwekwa. Mwenye nyumba ameomba kwanza aione karatasi ya fundi umeme kuhusu ule waya wa kijani na manjano, na fundi amepangiwa kwenda.